Stima ya Mwezini

Binti yangu Nzisa ni mwalimu wa fizikia, na kwake jambo halina maana mpaka liwe na ratiba. Mwaka huu mzima amekuwa akinipangia mwezi. Sisemi mwezi wa kalenda, ule wa kodi ya nyumba na karo, nasema mwezi wenyewe, huu wa juu. Nilimwambia, "Mwaitu, mwezi umekuwa ukitoka wenyewe tangu nilipokuwa mtoto. Unaupangia nini?" Namwita mwaitu, yaani mama yetu, kwa sababu amebeba jina la mama yangu mzazi, na kwetu Ukambani mtu hamkemei mama yake. Kwa hiyo nikimkasirikia inanibidi nikasirike kwa adabu.

Chanzo cha mpango huo ni mimi. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado nachonga mawe katika timbo moja hapa Kitengela, nilikaa jioni juu ya rundo la mawe nikingoja lori. Jua lilikuwa limetua. Mwezi ulikuwa mchanga, umelala chali kama desturi yake huku kwetu, chini ule ukingo mweupe mfano wa bakuli, na juu yake ile sehemu nyingine yenye giza, ambayo ukikaza macho unaiona kwa shida. Basi katika lile giza pakawaka nuru. Paa! Ikazimika. Ilikuwa kama cheche ya nyundo iliyogonga jiwe gumu. Sikuwa nimelewa, pombe sijawahi hata kuonja. Nilikuwa na njaa tu.

Mkosi wangu ulikuwa mdomo. Nilikwenda kusimulia yadini kwa Gakuru. Gakuru anauza mawe na kokoto kando ya barabara ya Namanga, ana malori yake, na hapo kwake ndipo wanaume wa mtaa wetu hukaa kupiga soga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo kuna mtu huko juu amewasha stima?" Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Tangu siku hiyo hakuna anayeniita Muteti, jina langu ni Stima. Hata vijana wa kupakia mawe, ambao wakati huo walikuwa hawajazaliwa, huniita wakiniona barabarani: "Stima, vipi? Huko juu tokeni ya stima imeisha?"

Kicheko ningekimeza. Kilichonikaa kooni ni siku ile chifu aliponiita barazani nitoe ushahidi juu ya mpaka wa ploti ya mama Kavata, mjane jirani yetu. Mawe ya ule mpaka niliyachimbia mimi kwa mikono hii. Kabla sijamaliza kueleza, Gakuru akasema kutoka nyuma, "Huyu si ndiye aliona stima mwezini?" Baraza zima likaangua kicheko, chifu mwenyewe akafunika mdomo kwa kofia, na mama Kavata akapoteza kipande cha ardhi yake kwa sababu shahidi wake alikuwa mimi. Neno langu liliisha nguvu pale. Nilikuwa nataka kitu kidogo sana, mtu mmoja tu aseme, sikuona, lakini Muteti si mwongo. Hakutokea hata mmoja, na iliniuma, inaniuma hadi leo.

Nzisa alikuwa na umri wa kuelewa siku ile. Aliendelea na shule, akaenda chuo, akarudi likizo moja akiwa na furaha usoni. Akasema, "Baba, kile kitu uliona kiko. Watu wanakitafuta dunia nzima. Ni mawe yanagonga mwezi."

"Mawe ya nani?"

"Vimondo, Baba. Vile huku kwetu vinaungua hewani, unaona mstari unapita. Mwezi hauna hewa. Kwa hivyo jiwe linafika mpaka chini, linagonga."

"Kama hakuna hewa, moto unawakaje?"

"Hauwaki. Jiwe linakuja na kasi mbaya sana, likigonga linapata joto mpaka linang'aa. Ni sekunde, hata haifiki."

Hilo la kugonga nililielewa, maana nimegonga mawe maisha yangu yote na cheche nazijua. Nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza, kwa kuwa Nzisa alitaka tuione tena, tuirekodi kwa kamera, watu waione kwa macho yao. Na hapo ndipo alipoanza kunichanganya akili.

Nilimwambia tungoje mwezi mpevu, maana ukitafuta kitu unatafuta penye mwangaza. Akakataa. Mwezi ukiwa mkubwa, weupe wake unafunika cheche. Nikasema basi tuchukue ule mwembamba kabisa wa siku ya kwanza. Akakataa tena. Huo unatua upesi, unalifuata jua, na anga bado ina mwangaza. Nusu mwezi je? Hapo ndio mwisho, ukipita nusu tunafunga kazi. Na ule wa alfajiri, unaobaki kabla mwezi haujafa? Huo unafaa, lakini alfajiri yeye yuko njiani kwenda shuleni. Nilimtazama. Nimewahi kumsindikiza shangazi yangu kununua ng'ombe, naye alikuwa na masharti machache kuliko haya.

"Sasa tunatazama wapi?" nikauliza.

"Pale penye giza, Baba. Ile sehemu jua haijafika."

"Tunapanga mwaka mzima kutazama mahali hakuna kitu?"

"Kuna kitu. Mwangaza wa dunia yetu unapiga pale kidogo, ndio maana unapaona."

"Sisi ndio tunaumulika mwezi?" nikasema. "Na hapa kwetu stima inapotea kila wiki?"

Alicheka. Mimi sikuwa natania. Hata leo nikilifikiria jambo hilo kichwa kinaniuma.

Kisha likaja suala la Kajiado. Ilibidi wawepo watazamaji wawili, mahali pawili palipo mbali. Kamera, aliniambia, nayo hudanganya. Mara nyingine inajionea nukta nyeupe ambayo haipo, mara nyingine ni setilaiti imepita ikameta. Lakini kamera mbili zilizo mbali zikiona nukta ile ile, mahali pale pale, wakati ule ule, hilo ni jiwe. Hapo angalau nilijua tunazungumza nini. Hata barazani ni mashahidi wawili. Laiti ningekuwa na wa pili siku ile.

Shahidi wa Kajiado alikuwa Lemein, kijana Mmaasai aliyesoma chuo kimoja na Nzisa, naye anafundisha huko. Darubini yake aliiweka kwenye boma la mama yake, nje kidogo ya mji. Ya kwetu tuliiweka juu ya paa letu la saruji, pale ambapo nondo zimesimama miaka yote zikingoja ghorofa ya pili. Zote mbili zilikuwa za kuazima kutoka kwa rafiki yao wa Nairobi anayeitwa Allan, na Allan alisema zirudi kabla ya Krismasi.

Tulianza mapema mwaka huu na hatukupata kitu. Kila mwezi mchanga ulipotokea, jioni kadhaa tulikuwa juu ya paa. Mara mawingu ya masika yalitanda. Mara vumbi la mashine ya kusaga kokoto lilipanda mpaka mwezi ukawa mwekundu. Mara Lemein alipiga simu kusema, "Supa, mzee. Leo bado. Ndama amejikuna kwa miguu ya darubini." Nilijibu "ipa", kama Wamaasai wanavyoitikia salamu, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa. Nilikuwa nimeona bila mpango wowote, nikiwa na njaa na vumbi puani, na hawa wasomi wawili pamoja na mipango yao yote walikuwa hawajaona hata cheche ya kiberiti. Nilianza kujiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza hapo awali. Je, niliona kweli? Au Gakuru alikuwa na haki?

Swali hilo lilininyima raha kabisa. Sikumwambia Nzisa.

Mnamo Novemba akaja na habari mpya. Kila Desemba, alisema, dunia hupita katikati ya njia ya changarawe iliyomwagika angani, ndiyo maana vimondo huwa vingi siku hizo. Mwezi nao hupita humo humo, kwa hiyo unapigwa zaidi. Miaka mingi siku hizo huangukia mwezi ukiwa mkubwa, au haupo. Mwaka huu zimeangukia mwezi ukiwa mchanga, siku chache tu baada ya Jamhuri, shule zimefungwa, mvua imepungua. "Baba," akasema, "hii ikipita, darubini zinarudi kwa Allan. Hatuna ingine."

Basi wao walipanga mwezi, na mimi nikampanga Gakuru. Ningefaidi nini cheche ikionekana na yeye hayupo? Nilikwenda yadini, nikasimama mbele ya wale vijana wote, nikamwalika nyumbani kwangu jioni ya siku ambayo Nzisa aliiwekea alama kubwa. Gakuru alikuwa anajiandaa kwenda kwao Nyahururu kwa Krismasi. "Stima," akasema, "nikikuja utanionyesha transfoma?" Vijana wakacheka. Lakini alikuja. Alikuja na koti lake la Jumapili na mkate mkononi, maana huyo mtu kwa adabu za nyumbani huwezi kumlaumu.

Anga ilikuwa safi sana. Mwezi ulilala chali magharibi, upande wa Ngong, bakuli lake linang'aa. Nilimpandisha Gakuru ngazi, nikampa kiti cha plastiki na chai. Nzisa alimwonyesha skrini ya laptopu iliyounganishwa na kamera. Ilikuwa nyeusi, na katikati yake weusi mwingine wenye kijivu kidogo. Chini, kwenye ukingo, uliona weupe unaanza kisha unakatika, kwa kuwa Nzisa aliusukuma nje makusudi.

Gakuru alitazama. Akanywa chai. Akatazama tena.

"Mwezi uko wapi?" akauliza.

"Ndio huo," nikasema.

"Mimi naona sufuria imeungua."

Tulikaa. Nzisa alikuwa na simu sikioni akiongea na Lemein kwamba saa zao zinalingana. Baadaye kidogo taa ya ngazi ikazimika na nyumba nzima ikawa giza. Tokeni ilikuwa imeisha, tena siku hiyo hasa, nyumbani kwa Stima. Mabega ya Gakuru yalitikisika kwa kicheko. Laptopu na darubini zilikuwa na betri zake, kwa hiyo kazi iliendelea, lakini Nzisa akawasha tochi ya simu kushuka chini kununua tokeni. Akiwa kwenye ngazi akageuka. "Baba, usiguse kitu."

Nami sikuwa na nia ya kugusa. Mungu ni shahidi. Ila nilikaa na mgeni wangu mbele ya ile skrini nyeusi, chai yake imekwisha, naye anapiga miayo, nikaona haya. Hapa ni kwangu. Mtu ametoka kwake na mkate, nami nimempa giza alitazame. Kwetu mgeni hatengewi sufuria tupu. Ukiwa na kipande kimoja cha nyama, hicho ni chake. Na pale chini ya ile skrini, kando kidogo tu, kulikuwa na mwezi wenyewe, mweupe, wenye milima na mashimo, mzuri ajabu, Nzisa aliwahi kunionyesha. Vitufe vya mishale vilikuwa mbele yangu. Nikabonyeza kimoja. Darubini ikanguruma kidogo, weupe ukapanda, ukajaa skrini nzima.

"Ona sasa!" nikasema nikiwa nimeinama. "Ona yale mashimo! Lile kubwa lingemeza Kitengela yote." Nikamwonyesha na shimo lingine, kisha milima.

Nilipogeuka nilimkuta Gakuru ameegemea kiti, uso wake uko juu, anatazama mwezi kwa macho yake matupu, kikombe kimeinama mkononi. Nilidhani amechoka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Stima, wewe macho ulipimwa wapi?"

"Macho yangu?" Sikuelewa. "Sijapimwa. Kwa nini?"

"Ni kuuliza tu."

Kabla sijamuuliza zaidi tukasikia miguu ya Nzisa kwenye ngazi, anapanda mbio, anapiga kelele ambazo sijazisikia tangu siku alipopata matokeo ya shule. Simu ilikuwa mkononi na Lemein ndani yake naye anapiga kelele kwa Kimaasai. "Baba! Lemein amepata! Kubwa! Sasa hivi! Imeonekana kwenye skrini yake waziwazi! Sisi tumepata? Angalia—"

Akafika. Akaiona skrini. Weupe mtupu, milima na mashimo.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alirudisha video nyuma, akatafuta, akaona ile sekunde na kamera yetu ikipiga picha upande wa nuru. Akakaa chini kwenye saruji. "Baba," akasema tu. Kutoka kwenye simu Lemein aliuliza, "Mmeona? Mko hapo? Nzisa?" Akamjibu kwamba hatujaona. Akamweleza kwamba sasa itaandikwa kuwa imeonekana na mmoja, haijathibitishwa.

Nilitaka paa linimeze. Mwaka mzima, mashahidi wawili, mwezi uliochaguliwa kama mchumba, na aliyeharibu ni mimi mwenyewe, kwa kidole changu, ili Gakuru asichoke. Gakuru! Machozi yalinijia na sikuyaficha.

Gakuru aliinuka, akavaa kofia, akasema usiku mwema. Alishuka ngazi mbili tatu. Kisha viatu vyake vikanyamaza, vikapanda tena. Akasimama pale juu amejishika ukuta.

"Mwalimu," akamwambia Nzisa, "hiyo kitu ya Kajiado imeonekana upande gani?"

"Kwa nini, mzee?"

"Usiniambie. Mimi ndio nikuambie." Akanyoosha kidole kuelekea mwezi. "Ni hapo juu kwa giza, mkono wa kushoto, karibu na mwisho. Iliwaka kama mtu amepiga kiberiti. Ikaisha."

Simu ililia mkononi mwa Nzisa, picha ya Lemein ikaingia. Akaifungua, tukaiinamia wote watatu. Ile sehemu nyeusi, na katika weusi huo nukta nyeupe, juu, mkono wa kushoto, karibu na mwisho.

"Uliona na ukanyamaza?" nikamuuliza. "Nilikuwa hapa kando yako!"

"Ningesema nini?" akajibu. "Nilifikiria macho yangu yameharibika. Na nikafikiria vijana kule yadini. Unajua vile wanacheka."

Nilimtazama yule mtu, nikatafuta hasira yangu ya miaka yote, nikaipata, nikaona haijui iende wapi. Nzisa alimweleza kwa upole kwamba ushahidi wa jicho la mtu hauwezi kuandikwa kama wa kamera. Gakuru akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda yadini. Sijui nilifuata nini. Nilimkuta Gakuru amesimama kati ya vijana wa kupakia, mikono yake iko hewani, anaonyesha bakuli la mwezi na lile giza la juu. Amesimulia, mtu mzima mwenye malori! Kijana mmoja anayeitwa Katee akapiga makofi. "Wueh! Sasa tuko na Stima na Transfoma!" Yadi yote ikaangua kicheko, hata dereva aliyekuwa chini ya lori nilimsikia.

Uso wa Gakuru ulibadilika. Mimi naujua uso ule kwa ndani. Aligeuka huku na huku kama mtu aliyeangusha funguo, akaniona langoni.

"Stima! Si tulikuwa na wewe? Si uliona? Waambie!"

Wote wakanigeukia. Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, niliona, na tungekuwa wawili, na picha ya Lemein ingekuwa ya tatu. Nani angejua? Lakini nilikuwa nimeinamia skrini, nahesabu mashimo.

"Sikuona," nikasema.

Walicheka mpaka wengine wakashikana. Gakuru alinitazama kama nilivyomtazama yeye siku ile ya baraza. Nilingoja kelele zitulie. Zilichukua muda.

"Mimi sikuona," nikarudia. "Nilikuwa natazama kwingine. Lakini huyu ameona. Namwamini."

Katee alimtazama mwenzake. Dereva akatoka chini ya lori akiwa na spana mkononi. Gakuru akavuta kiti cha plastiki, akakipangusa vumbi kwa mkono wa koti lake, akanisogezea.

"Keti, Muteti," akasema.